Je, Wajua? Michezo ya Mezani ya Kujaribu, Kuanzia Isolo ya Wasukuma Hadi Mnara wa Jenga

Je, wajua kuwa Wasukuma wana bao lao, na kwamba sheria zake hutegemea ni nani aliyekaa mbele ya ubao? Linaitwa isolo. Wavulana wana namna yao ya kulicheza, wanawake wana yao, na wanaume watu wazima wana yao, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote. Kijana aliyezoea mchezo wa rika lake akikaribishwa na wazee, anaanza kujifunza upya.

Ukipita vijiweni Bariadi, Maswa au Mwanhuzi, hapa mkoani Simiyu, utakachokuta zaidi ni drafti ya vizibo vya soda na karata. Hakuna ubaya. Lakini isolo ni ya hapahapa, na wanaoijua vizuri umri unawaendea.

Ndugu zake wametapakaa. Waganda wana omweso na Wanyarwanda wana igisoro, yote ya safu nne zenye mashimo manane manane, jumla 32, sawa na bao la Kiswahili lenye kete 64. Oman wanacheza hawalis, safu nne za mashimo saba saba na kete 56, na ni rahisi kuona udugu wake na mabao ya pwani yetu. Kule Hyrax Hill, karibu na Nakuru nchini Kenya, bao limechongwa kwenye mwamba. Aliyelichonga hakuwa na haja ya kubeba ubao. Alijua atarudi palepale.

Je, wajua kuwa bao huenda lilimpeleka Julius Nyerere shule? Inasimuliwa kwamba Chifu Makongoro wa Ikizu alivutiwa na akili ya mtoto huyo kwenye ubao, ndipo akamshauri baba yake, Chifu Burito wa Wazanaki, ampeleke akasome. Mwaka 1934 Nyerere alianza shule ya Mwisenge, Musoma. Kule Madagascar wana hadithi iliyo kinyume kabisa. Wao wanacheza fanorona, mchezo wa mistari tisa kwa mitano, kila mtu na kete 22, na pointi moja tu ya katikati huachwa tupu. Kete ya adui huliwa kwa kuisogelea au kwa kuikimbia, jambo linalomchanganya kila anayeanza. Wanasimulia kwamba mfalme Ralambo alijifanya mgonjwa ili awapime wanawe. Mkubwa alikuwa katikati ya fanorona, akakawia kuitika wito. Mdogo, Andrianjaka, alifika mara moja, na ufalme ukawa wake.

Fanorona inafaa sana kujaribiwa Simiyu kwa sababu haihitaji ubao wa kununua. Chora mistari chini, tafuta mawe na mbegu, basi. Vilevile shisima ya Watiriki wa magharibi mwa Kenya: umbo la pembe nane lenye kitovu katikati, kila mchezaji ana kete tatu, na anayezipanga kwenye mstari mmoja unaopita kitovuni ameshinda. Mtoto wa darasa la pili anaielewa mara moja. Chaki inatosha kuichora, na Maswa pana kiwanda cha chaki. Sioni sababu ya sakafu za shule za mkoa wetu kukosa shisima.

Je, wajua kuwa kuna michezo ya mezani ambayo haina mshindi wala mshindwa? Hapa ndipo ninapotaka tukae zaidi, kwa sababu ni michezo mizuri na huku kwetu haijulikani. Ni ya kuvaa uhusika. Watu watatu, wanne au watano huketi pamoja, kila mmoja akawa mtu fulani ndani ya hadithi, na wote wakaitunga hadithi hiyo kwa mdomo, papo hapo. Palipo na shaka kama jambo litafaulu au la, wanarusha dadu. Mchezo uliofungua njia ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliochapishwa Marekani mwaka 1974. Huo una vitabu vizito na vya bei, na siupendekezi kwa anayeanza.

Nasi si wageni wa jambo hili. Kila aliyekaa na bibi yake usiku anajua kinachotokea kitendawili kinaposhindikana. "Nipe mji," anasema mtegaji. Akipewa Mwanza, anaanza kusimulia: alivyofika Mwanza, alivyopokelewa, alivyokula na kulala, ndipo anapotoa jibu. Wakati huo yeye si mjukuu tena bali msafiri na mgeni mashuhuri wa mji mzima. Na wacheza ngoma wa Bagika na Bagalu, makundi mawili ya Wasukuma yanayoshindana tangu enzi za waanzilishi wao, Ngika na Gumha, wanajua fika maana ya kuingia uwanjani ukiwa mtu mwingine mbele ya umati.

Je, wajua kuwa kuna mchezo unaotumia karata za kawaida kujenga kijiji? Unaitwa The Quiet Year, kazi ya Avery Alder ya mwaka 2013, na kama utajaribu mmoja tu kati ya hii yote, jaribu huu. Wachezaji wawili hadi wanne wanaweka karatasi tupu mezani na kuchora ramani ya jamii iliyotoka vitani na kupata mwaka mmoja wa amani. Karata 52 ni majuma 52. Kopa ni majira ya kuchipua, uru ni kiangazi, pau ni vuli, shupaza ni baridi kali. Kila karata inaleta swali au tukio: nani amezaliwa, chakula gani kimeharibika, ugomvi gani umezuka. Kisha mchezaji anachagua moja kati ya mambo matatu: kuanzisha mradi, kuitisha mazungumzo, au kugundua kitu kipya na kukichora. Mradi una majuma yake ya kukamilika, yanayohesabiwa kwa dadu iliyowekwa juu ya ramani. Mfalme wa shupaza akitokea, mchezo umekwisha papo hapo, hata kama mradi wa kisima umebakiza juma moja.

Majira hayo ni ya Ulaya na Amerika, lakini kuyageuza hakuna kazi. Weka msimu wa kupanda pamba Novemba na Desemba, palizi, mavuno, kisha kiangazi cha vumbi ambapo ng'ombe wanahamishwa kutafuta maji. Chora Mto Simiyu katikati ya karatasi. Weka lambo, zahanati, ghala la pamba, na upande wa mashariki hifadhi ambako tembo wanatoka. Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2012, na katika sensa ya 2022 ulikuwa na watu milioni 2.1. Vijana wake wanastahili mchezo unaowauliza ni nini kijengwe kwanza na nani aachwe asubiri. Mikutano ya kijiji huuliza hayohayo, lakini kijana hapewi nafasi ya kusema mara nyingi.

Kwa wanaopenda visa, kuna Fiasco ya Jason Morningstar, iliyotoka mwaka 2009. Wachezaji ni watatu hadi watano, hakuna msimamizi, na dadu ni nne kwa kila mtu, nusu za rangi moja na nusu za nyingine. Ni hadithi za watu wenye tamaa kubwa na busara ndogo, ambao mpango wao utaharibika tu. Fikiria makarani wawili wa ghala la pamba la kubuni, mizani iliyochezewa, mke wa mmoja anayejua siri, na dereva wa lori anayedai chake. Saa mbili au tatu zinatosha.

Asiye na muda aanze na Lasers & Feelings ya John Harper ya mwaka 2013. Sheria zote zimeenea kwenye ukurasa mmoja, na haiuzwi. Mhusika wako ana namba moja tu, kati ya 2 na 5. Ukifanya jambo la kiufundi na akili, dadu yako iangukie chini ya namba hiyo. Ukifanya jambo la moyo na maneno, iangukie juu yake. Fundi hodari atakuwa msemaji dhaifu. Safari yake ni ya chombo cha anga, lakini ukiigeuza iwe ya basi la usiku kutoka Bariadi kwenda Dar es Salaam, sheria zinafanya kazi vilevile.

Je, wajua kuwa aliyetuletea Jenga alizaliwa Tanganyika? Ni Leslie Scott, aliyezaliwa mwaka 1955 na kukulia Afrika. Aliuzindua kibiashara mchezo huo wa mnara wa vipande vya mbao London mwaka 1983, kwa jina alilolitoa katika Kiswahili. Wamarekani wakauchukua mnara huohuo wakatengenezea mchezo wa hadithi za kutisha uitwao Dread, uliotoka mwaka 2005. Hauna dadu hata moja. Kila mhusika anapojaribu jambo la hatari, mchezaji wake anachomoa kipande mnarani. Mnara ukianguka mkononi mwake, mhusika huyo ametoka kwenye hadithi. Mikono inatetemeka kweli, na hofu ya mezani inakuwa hofu ya hadithi. Vipande 54 vyenye ukubwa sawa ni kazi ndogo kwa seremala yeyote.

Kwa hiyo, mwalimu wa klabu ya shule, kiongozi wa vijana kanisani au msikitini, dada mkubwa mwenye wadogo watatu wakati wa likizo: tafuta karata, karatasi na penseli, uanze na ramani ya kijiji. Na kama una babu anayecheza isolo, mwombe akufundishe mwezi huu, uziandike sheria zake kwenye daftari kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, za wavulana, za wanawake na za wanaume.