Barua pepe zikipotea katika Thunderbird: mambo ya kufanya kabla ya kufomati kompyuta

Kuna ofisi, shule na mashirika mashariki mwa Congo ambako barua pepe zote za kazi zimo katika kompyuta moja tu. Siku folda inapoonekana tupu, shauri la kwanza huwa ni kufomati mashini na kuanza upya. Shauri hilo linaweza kufuta barua za miaka mingi, wakati tatizo lenyewe lingeisha kwa dakika chache.

Tuchukue Thunderbird, programu ya bure ya Mozilla iliyotoka katika toleo la 1.0 mwezi wa Desemba 2004. Barua haziko ndani ya programu yenyewe. Ziko katika folda ya pembeni inayoitwa « Profiles », ambayo Windows huificha. Ukitoa programu, kwa kawaida folda hiyo inabaki. Ukifomati diski, inakwenda.

Hasara inategemea aina ya akaunti. Akaunti ya IMAP huacha barua kwenye seva, kwa hiyo unaweza kuzipata tena. Akaunti ya POP huzileta kwenye kompyuta, na ikiwa imepangwa hivyo, huzifuta kwenye seva. Hapo nakala iliyo kwenye diski yako ndiyo pekee iliyobaki duniani.

Kwa hiyo, kwanza weka nakala. Funga Thunderbird, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %APPDATA% kisha ubonyeze « OK ». Folda ya Thunderbird utakayoiona, inakili yote kwenye flashi.

Sasa tafuta tatizo. Ikiwa folda ni tupu au vichwa vya barua vimechanganyika, mara nyingi ni faharasa yake iliyoharibika, kwa mfano umeme ulipokatika ghafla. Bonyeza folda kwa upande wa kuume wa panya, ingia katika « Propriétés », halafu « Réparer le dossier ». Lakini kwa akaunti ya IMAP, kazi hiyo inaweza kupakua barua zote upya: usiifanye kama mega zako ni chache.

Ikiwa programu inakwama au inajifunga, bonyeza kitufe cha Alt ili menyu ionekane, na katika « Aide » uchague « Mode de dépannage ». Thunderbird itafunguka bila viongezi. Ikitembea vizuri, basi huenda kosa liko kwenye kiongezi kimoja.

Intaneti ikiwa nzito, barua zinaweza kukatika njiani. Dawa yake imefichwa. Katika « Paramètres », sehemu ya « Général », shuka hadi chini kabisa ufungue « Éditeur de configuration ». Tafuta mailnews.tcptimeout. Kwa kawaida ni 100, maana programu hungoja sekunde 100 kabla ya kukata tamaa. Andika 300. Usiguse mstari usioujua.

Ili kulinda mega, ingia katika mipangilio ya akaunti, kwenye sehemu ya nafasi ya diski, na uzuie barua zinazozidi ukubwa fulani zisipakuliwe zenyewe.

Programu ikikataa seva kwa sababu ya usalama, tazama kwanza saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ndani ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka, na vyeti vya usalama huonekana si halali.

Kwa Gmail, tangu tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kupokea nywila ya kawaida ya akaunti za watu binafsi kutoka programu kama hizi. Chagua OAuth2 kama njia ya kujitambulisha, na uhakikishe kwamba kuki zimeruhusiwa. La sivyo, dirisha la Google halitakubali.

Yote haya yakishindikana, mwite fundi. Lakini kabla hajagusa diski, mwonyeshe flashi yenye nakala, na mhakikishe pamoja kwamba inafunguka.