Kisu cha Mfukoni na Pua Iliyopunguziwa Kromiamu

Kisu kidogo cha kukunja huitesa pua kwa namna ambayo panga la shambani haliijui. Bapa lake, yaani kile kipande cha chuma chenye makali, aghalabu halifiki urefu wa milimita 80, na hulala ndani ya mpini unaokaa mfukoni siku nzima katikati ya jasho, vumbi na sarafu; maji yakipenya kwenye msumari ambao bapa huuzunguka linapofunguliwa, hukawia humo, kwa kuwa si rahisi kuyafikia kwa kitambaa. Kisu hichohicho hutarajiwa kuchana katoni asubuhi, kukata kamba ya nailoni adhuhuri na kumenya chungwa jioni, na asidi ya tunda hilo ni adui wa chuma sawa na chumvi ya jasho. Ndiyo maana aina mpya ya pua inapotolewa, kisu cha namna hii huwa mahali pazuri pa kuijaribu, na mfano ulio wazi zaidi wa miaka ya karibuni ni pua iitwayo CPM MagnaCut, iliyobuniwa na mtaalamu wa metali wa Marekani, Larrin Thomas, na kutolewa mwaka 2021 na kampuni ya Crucible ya jimbo la New York.

Pua ni chuma kilichochanganywa na kaboni kwa kiasi kidogo, na kaboni hiyo ndiyo huiwezesha kuwa ngumu inapopashwa moto mkali na kupozwa ghafla. Ili isishike kutu huongezwa kromiamu, metali inayofanya utando mwembamba usioonekana kwa macho, nao huzuia hewa na maji visiifikie pua iliyo chini yake. Kanuni hiyo ilipata umaarufu kutoka Sheffield, Uingereza, ambako Harry Brearley alitengeneza mwaka 1913 pua yenye kromiamu ya karibu asilimia 13, na visu vya mezani vikawa miongoni mwa bidhaa zake za mwanzo. Kwa hesabu ya haraka mtu angedhani kwamba kromiamu ikizidi, kutu hupungua, lakini hesabu hiyo ina kasoro. Kromiamu na kaboni zikikutana ndani ya pua hushikana na kuwa punje ngumu ziitwazo kabidi, na kromiamu iliyokwisha kufungwa ndani ya punje haisaidii tena chochote katika kuufanya ule utando. Pua ya zamani iitwayo D2, inayotumika sana katika vifaa vya viwandani vya kukatia metali, ina kromiamu ya takribani asilimia 12, na hata hivyo hushika madoa ya kutu. MagnaCut ina asilimia 10.7 tu, nayo huyastahimili maji ya chumvi kuliko pua nyingi zinazoizidi kwa kromiamu.

Thomas aliipunguza kromiamu, akaiwekea kaboni kipimo cha asilimia 1.15, kisha akaongeza vanadiamu asilimia 4 na niobiamu asilimia 2, metali mbili zinazoivuta kaboni kwa nguvu kuliko kromiamu inavyoivuta, hivi kwamba kaboni ya ziada huchukuliwa na hizo, na kromiamu karibu yote hubaki huru pua inapokwisha kupikwa. Kabidi za vanadiamu na niobiamu ni ngumu kuliko za kromiamu, na zaidi ya hayo zinaweza kuwa ndogo mno. Udogo huo husaidiwa na utengenezaji wa njia ya unga: pua iliyoyeyuka hupulizwa kwa gesi yenye shinikizo kubwa hadi iwe matone yanayoganda upesi kabla punje hazijapata nafasi ya kukua, kisha unga huo hufungiwa katika kopo la chuma na kushindiliwa kwa joto na shinikizo mpaka uwe kipande kimoja. Ukingo wa makali yaliyonolewa vyema una unene usiofika maikromita 1, ilhali unywele wa binadamu una makumi ya maikromita. Punje kubwa ikikaa hapo ni kama kokoto iliyosahauliwa katika udongo wa mfinyanzi, kwani mdomo wa chungu humeguka palepale ilipo.

Maabara hupima mambo haya moja moja. Ugumu hupimwa kwa mtambo wa Rockwell, unaokandamiza koni ya almasi juu ya pua kwa uzito wa kilo 150 na kusoma kina cha alama inayobaki. Ustahimilivu, yaani uwezo wa kupokea pigo bila kuvunjika, hupimwa kwa nyundo inayobembea na kukivunja kipande cha pua. Kipimo cha makali yenyewe kinavutia zaidi. Taasisi ya CATRA, iliyoko Sheffield hukohuko, ina mashine inayokishikilia kisu makali yakitazama juu, na bunda la karatasi ngumu iliyochanganywa na silika kwa asilimia 5 hukandamizwa juu yake kwa nguvu ya nyutoni 50 huku kisu kikienda mbele na nyuma, kisha karatasi yote iliyokatwa hujumlishwa kwa milimita.

Majaribio ya mkono, kama lile la kukata kamba ya katani hadi kisu kishindwe kuchana karatasi ya gazeti, hayana nidhamu hiyo, na wengi wanaotangaza kwayo ushindi wa pua fulani huwa wamepima pembe ya kunolea bila kujua. Pua ileile ikinolewa kwa digrii 15 kila upande hukata zaidi kuliko ikinolewa kwa digrii 20, na tofauti hiyo inaweza kuizidi tofauti iliyopo kati ya pua ghali na ya kawaida. Tena, joto la mashine ya kiwandani linaweza kuulegeza ukingo mwembamba, ndiyo maana mjaribu mwangalifu hukinoa upya hata kisu kilichotoka dukani leo. Kwa MagnaCut ni afadhali atumie kibao cha almasi, kwa kuwa kabidi ya vanadiamu ni ngumu kuliko oksidi ya aluminiamu iliyomo katika vinoo vingi vya kawaida, na kinoo kilichozidiwa nguvu hukila chuma kinachoizunguka punje na kuiacha yenyewe ikining'inia ukingoni.