Je, Wajua? Theluji ya Davos Haitulii Ikishaanguka

Mtabiri wa theluji ana kazi mbili, na ya pili ndiyo inayomtoa jasho. Ya kwanza ni kusema itaanguka kiasi gani. Ya pili ni kusema theluji hiyo itakuwa ya namna gani kesho, keshokutwa na wiki ijayo, maana ikishatua chini haibaki ilivyokuja.

Davos, mji wa mapumziko ulio mashariki mwa Uswisi, uko takriban mita 1,560 juu ya usawa wa bahari. Juu zaidi, mahali paitwapo Weissfluhjoch, kwenye mwinuko wa mita 2,536, kuna uwanja ambako theluji imekuwa ikipimwa tangu 1936. Majira ya baridi, kila asubuhi mpimaji husoma kina kwenye nguzo yenye alama, kisha hukiendea kibao cheupe kilicholazwa juu ya theluji. Huangalia kimo cha kilichoanguka tangu jana, hukipima uzito, hukifuta kibao na kukilaza upya. Uzito una maana kubwa. Kwa kawaida sentimita 10 za theluji mpya zikiyeyushwa hutoa kama sentimita 1 ya maji, lakini theluji nyepesi ya baridi kali huweza kutoa nusu ya hapo, na ile iliyoanguka karibu na nyuzi sifuri ikatoa maradufu. Ndiyo maana utabiri wa "sentimita 30" peke yake haumwambii mtelezaji kama mbao zake za kutelezea zitapita bila kizuizi au zitanasa.

Mwaka huohuo wa 1936, huko Hokkaido nchini Japani, mwanafizikia Ukichiro Nakaya alifanikiwa kuikuza chembe ya theluji ndani ya maabara, ikining'inia kwenye unywele wa sungura. Alionyesha kwamba umbo la chembe huamuliwa na joto na unyevu wa hewa inamozaliwa. Karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri huzaliwa vijiti na sindano. Karibu na nyuzi 15 chini ya sifuri, unyevu ukitosha, huzaliwa zile nyota zenye matawi sita. Nyota zikirundikana huacha nafasi kubwa za hewa kati yake. Hiyo ndiyo theluji ambayo watelezaji huifuata kutoka nchi hadi nchi.

Je, wajua kwamba ugumu wa theluji hupimwa kwa ngumi? Wapimaji huchimba shimo kutoka juu hadi ardhini, kisha hugusa tabaka moja baada ya jingine. Tabaka linalopenyeka kwa ngumi iliyovaa glavu ni laini mno. Ngumi ikigoma, hujaribiwa vidole vinne, kisha kidole kimoja, kisha penseli, na mwisho ncha ya kisu. Wanachokitafuta ni tabaka gumu lililokalia tabaka legevu, kwa sababu hapo ndipo theluji ya mlimani hukatikia na maporomoko kuanza.

Tabaka hilo legevu lina asili ambayo wengi hawaitarajii. Theluji haba ikifuatwa na usiku mwingi wa anga safi huweza kuleta hatari ya kudumu kuliko theluji nene. Chini, karibu na ardhi, joto hubaki karibu na nyuzi sifuri; juu huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Mvuke hupanda kupitia theluji yenyewe, na chembe hukua upya zikawa kubwa, zenye kingo, zisizoshikana, mithili ya sukari inayomwagika kiganjani. Tabaka hilo laweza kufukiwa Desemba na kuua mtu Februari.

Majira ya baridi ya mwaka 1951 maporomoko ya theluji yaliua watu 98 nchini Uswisi. Leo taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos hutoa taarifa ya hatari saa 11 jioni na tena saa 2 asubuhi, ikisaidiwa na waangalizi wapatao 200 milimani. Hatari hupangwa kwa ngazi tano, mfumo ambao Ulaya iliukubali mwaka 1993. Ngazi ya 3 husikika kama ya katikati, na hilo linanisikitisha, maana karibu nusu ya vifo hutokea siku za ngazi hiyo. Ngazi ya 4 huwatisha watu wakabaki chini. Ya 3 huwaacha waende.

Mvua nayo ina maajabu yake. Katika bonde jembamba lisilo na upepo, chembe zinazoyeyuka njiani huinyang'anya hewa joto lake. Zikizidi, hewa hupoa, na mpaka wa theluji hushuka mamia ya mita bila hewa yoyote baridi kuingia kutoka nje. Wakazi wanaolala mvua ikinyesha huamka mitaa ikiwa myeupe.

Utelezaji nao una historia yake. Mwandishi wa Sherlock Holmes, Arthur Conan Doyle, alivuka milima kutoka Davos hadi Arosa kwa mbao za kutelezea mwaka 1894, akiongozwa na ndugu wawili wenyeji. Nasi wa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika historia hii: mwaka 1912 Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kilimanjaro na kushuka kilele chake cha Kibo kwa mbao hizo. Barafu ya Furtwängler iliyoko kileleni, ambayo sasa imebaki vipande, ina jina lake.

Theluji ya milima ya Alpi nayo inapungua siku zake. Uchunguzi wa vituo 11 vya Uswisi ulionyesha kwamba kati ya 1970 na 2015 msimu wa theluji ulichelewa kuanza kwa siku 12 na kuwahi kuisha kwa siku 26. Mashine za kutengeneza theluji husaidia, ila zinategemea ukavu wa hewa kama zinavyotegemea baridi. Hewa ikiwa kavu sana, matone hupoa yakivukiza, na mashine huweza kufanya kazi hata kipimajoto kikionyesha nyuzi 1 juu ya sifuri. Hewa ikijaa unyevu, nyuzi sifuri hazitoshi.

Davos wana njia nyingine, na mimi naipenda kuliko zote. Tangu 2008 hurundika kilima cha theluji mwisho wa msimu, hukifunika kwa unga wa mbao wenye unene wa sentimita 40, na kukiacha juani kiangazi kizima. Karibu robo tatu yake hupona. Oktoba hufunuliwa na kutandazwa bondeni, na wanariadha wa mbio za theluji huanza mazoezi juu ya theluji ya msimu uliopita.