Maoni ya Wakazi Yakusanywe Kabla ya Makadirio

Kila mwaka serikali za kaunti hutangaza mikutano ya kukusanya maoni ya wananchi juu ya matumizi ya fedha, na kila mwaka vyama vyetu vingi vya nyumba hufanya lile lile. Mwenyekiti na katibu huenda, hutia sahihi katika daftari la mahudhurio, husikiliza hotuba, na pengine hupewa dakika mbili za kusema kwamba wanachama wanahitaji maji na barabara. Makadirio yakichapishwa, maji hayamo, na hapo lawama huanza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kasoro hiyo, kwa sehemu kubwa, huwa imekwisha kutokea kabla mkutano haujafunguliwa.

Haki yenyewe haina shaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 201, inaagiza wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma, na ibara ya 43 inataja nyumba ya kutosha pamoja na usafi wa kuridhisha miongoni mwa haki za kila mtu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 iliongeza kalenda, nayo kalenda hii ndiyo ambayo viongozi wetu wengi hawajaizingatia. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ifikapo Agosti 30 kaunti hutoa waraka wa kuongoza utayarishaji wa makadirio ya mwaka unaofuata. Ifikapo Septemba 1, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hauna budi kuwa umewasilishwa mbele ya Bunge la Kaunti. Waraka wa mkakati wa fedha, ambao huweka kikomo cha kila idara, hufuata ifikapo Februari 28; makadirio yenyewe Aprili 30; na kabla ya Juni 30 kwisha yawe yameidhinishwa.

Basi chama kinachokwenda mwezi wa Mei kuomba mfereji wa maji machafu kimefika wakati chungu kimekwisha epuliwa. Vikomo vimewekwa, na mradi ambao haukutajwa katika mpango wa Septemba ni vigumu sana kuingizwa. Maoni yafaa yawe tayari mwezi wa Julai, na kwa hiyo kazi ya kuyakusanya ianze Aprili au Mei, mwaka mzima na zaidi kabla ya fedha zenyewe kuanza kutumika. Jambo hili halipendezi wanachama waliochoka kungoja, lakini ndivyo sheria ilivyo.

Swali la pili ni namna ya kukusanya. Hapa mfano wa Mukuru, jijini Nairobi, una mengi ya kutufundisha. Mwezi Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la mipango. Humo mna kaya zaidi ya 100,000, nyingi zikiwa za wapangaji, juu ya ardhi ambayo kwa sehemu kubwa ina hati za watu binafsi na makampuni. Mkutano wa hadhara usingeweza kuwasikiliza watu wote hao. Shirikisho la Muungano wa Wanavijiji, pamoja na vyuo vikuu na mashirika mengine, walianzia mlangoni: kaya 10 zilikutana na kuchagua mjumbe, wajumbe wa makundi 10 ya namna hiyo wakasemea kaya 100, na kutoka hapo maoni yakapanda hadi ngazi za juu zaidi. Msomaji aliyewahi kuishi Tanzania atakumbuka mabalozi wa nyumba kumi wa miaka ya 1960. Umbo linafanana, ila wale walikuwa ngazi ya chama cha siasa, na hawa wa Mukuru waliwekwa kwa ajili ya mipango ya makazi.

Faida ya kikundi cha kaya 10 ni kwamba mama anayenunua maji kwa mtungi hawezi kukosa nafasi ya kusema, na pia kwamba kila ombi hukutana na gharama yake papo hapo. Barabara ni mfano mzuri. Mkutanoni kila mtu huinua mkono kutaka barabara pana. Lakini katika mtaa wa mabanda yaliyobanana, kila mita inayoongezwa katika upana hula vyumba vya watu, na watu hao wana majina na wamo katika kikundi. Swali halibaki kuwa kama barabara inatakiwa. Linakuwa upana gani unatosha gari la zimamoto kupita, na nani atahama, na ahamie wapi. Maoni ya namna hii afisa wa mipango anaweza kuyafanyia kazi.

Tusidanganyane kwamba hayo yaliwalinda wakazi na kila balaa. Kuanzia mwaka 2020 barabara kadhaa zilijengwa Mukuru, na huduma za afya zikaongezwa. Lakini Oktoba na Novemba 2021 sehemu ya Mukuru kwa Njenga ilibomolewa kupisha barabara, na maelfu ya watu wakabaki bila makao. Kumbukumbu za wakazi wenyewe, yaani hesabu za kaya na ramani, hazikuzuia tingatinga. Hata hivyo mtu aliyeorodheshwa anaweza kuthibitisha alikuwa akiishi wapi, na asiyeorodheshwa huanza kwa kubishaniwa kama aliwahi kuwapo.

Kwa vyama vyetu lipo jambo moja la kuungama. Chama cha ushirika wa nyumba ni chama cha wenye kuweka akiba. Wajumbe wetu wakisema "wakazi wanataka", mara nyingi maana yake ni wanachama, tena wale wenye hisa zilizokamilika. Mpangaji wa chumba kimoja asiye na hisa hutaka choo na taa ya njiani kabla ya hati ya kiwanja, na mwenye banda hutaka kinyume chake. Orodha inayopelekwa kwa kaunti ieleze wazi ni kaya ngapi ziliulizwa, ngapi kati yake ni za wapangaji, na wapi hawakukubaliana. Mkiwaficha wasiokubali, watajitokeza wenyewe siku ya mkutano, na orodha yenu itaonekana ya uongo.

Orodha iwe fupi, mambo matatu au manne kwa mpangilio wa umuhimu, kila moja likitaja mahali na idadi ya kaya zitakazofaidika. Nakala ipelekwe kwa msimamizi wa wadi, kwa mjumbe wa Bunge la Kaunti, na kwa idara ya fedha na mipango. Katibu ahakikishe nakala ya chama inapigwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Septemba mpango ukitoka, kamati iusome kando ya nakala hiyo, na majibu, hata yakiwa ni ukurasa mtupu, yarudishwe kwa wajumbe wa kaya 10 kabla ya mwezi huo kwisha.