Robert Arthington: Tajiri wa Leeds na Misioni ya Ujiji

Katika parokia zetu za Kigoma na Ujiji, hata watoto wanajua kwamba Livingstone na Stanley walikutana hapa mwaka 1871. Wachache wanajua habari za mtu ambaye hakuwahi kuliona Ziwa Tanganyika, lakini fedha zake zilifika ufukoni mwake: Robert Arthington wa Leeds, Uingereza.

Alizaliwa mwaka 1823 katika familia ya Waquaker. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa bia, akaiacha biashara hiyo kwa sababu ya dhamiri. Mwana alirithi mali nyingi, akaiwekeza, hasa katika hisa za reli, nayo ikazidi kukua. Yeye mwenyewe aliishi kama fukara. Katika nyumba yake kubwa ya Headingley alitumia chumba kimoja tu, na watu wakamwita bahili. Husimuliwa kwamba mgeni akifika jioni alizima mshumaa, kwa kuwa maongezi hayahitaji mwanga. Tukiri kwamba angekuwa jirani yetu, nasi tungemsema.

Baada ya kifo cha Livingstone, Arthington aliipa Jumuiya ya Kimisionari ya London, ya ndugu zetu Waprotestanti, pauni 5,000 ili ianzishe misioni Ujiji. Wamisionari wake waliingia mjini Agosti 1878. Mwezi uliofuata tayari walikuwa wamemzika mmoja wao, J. B. Thomson. Mwaka 1879 Arthur Dodgshun alifika Ujiji amechoka kwa safari, akafa baada ya siku chache. Mwaka huohuo Dkt. Joseph Mullens, katibu wa jumuiya hiyo, alifia njiani, kabla hata ya kuliona ziwa. Wamisionari wa Afrika, waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie, walifika Ujiji Januari 1879, nao walikuwa wamemwacha Padre Pascal kaburini njiani. Wapagazi waliokufa katika misafara hiyo hatuwezi kuwataja kwa majina, kwani ni wachache walioandikwa.

Hapo ndipo tunaposita. Arthington alijinyima kwa kweli, hakutoa makombo. Lakini alitoa akiitazama ramani, akiamini kwamba Injili ikifika upesi kwa kila kabila, Bwana atarudi upesi, na kila mara alizihimiza jumuiya zisonge mbele zaidi. Homa na makaburi viliwaangukia wengine. Nasi tunapotoa zaka au mchango wa kigango kipya ng'ambo ya milima, mara ngapi tunauliza habari za katekista anayelala huko?

Alitoa pia fedha kwa ajili ya meli ya ziwani. Vipande vyake vilipitishwa kwa njia ya Ziwa Nyasa, vikabebwa nchi kavu, na mwaka 1885 Good News ikashushwa majini upande wa kusini wa Tanganyika. Kufikia wakati huo misioni ya Ujiji ilikuwa imeachwa.

Arthington alifariki mwaka 1900. Aliacha karibu pauni milioni moja, na sehemu kubwa ikaenda kwa misioni.