Bafu dogo Tumati: maji yapate njia kabla ya kununua kioo

Anayejenga nyumba Tumati siku hizi hamwombi fundi vyumba vitatu na sebule tu. Anataka kimoja kiwe masta, chenye choo na bafu ndani, ili usiku wa Julai, baridi ya nyanda za juu za Mbulu inapouma, asilazimike kuvuka uwanja kwenda kwenye bafu la nje. Ombi hilo ni la haki kabisa. Tatizo huanza pale anapotoa simu na kumwonyesha fundi picha ya kibanda cha kuogea cha kioo chenye mlango wa kuteleza, kisha chumba cha bafu kikapimwa na kukutwa kina futi 4 kwa futi 7.

Nitoe jibu langu mapema. Kwa chumba cha ukubwa huo, sakafu ya wazi ni bora kuliko kibanda. Sakafu ya wazi maana yake ni bafu lililojengwa hivi kwamba linaweza kulowa lote bila kudhurika, na maji yote yakaondoka yenyewe. Bafu la namna hiyo haliuzwi dukani, hutengenezwa na fundi hatua kwa hatua. Kwa hiyo nawashauri wenye nyumba wahamishe pesa ya kioo, waipeleke chini ya vigae.

Hesabu ya chumba

Futi 4 kwa 7 ni takriban mita 1.2 kwa mita 2.1. Choo cha kukaa kinahitaji upana wa sentimita 75 hivi ili viwiko visigonge ukuta, na sentimita 60 za wazi mbele yake. Kibanda kidogo kabisa ambacho mtu mzima anaweza kujigeuza akijipaka sabuni ni sentimita 80 kwa 80. Kiweke kwenye kona ya chumba chenye upana wa mita 1.2, kando yake utabakiwa na uchochoro wa sentimita 40. Mtu hapiti humo, ufagio haugeuki, na uchafu unatulia.

Sasa ondoa kibanda. Mwisho wote wa chumba, mita 1.2 kwa sentimita 90, unakuwa mahali pa kuogea. Mama anaweza kuchuchumaa na beseni akamwogesha mtoto. Siku bomba linapokatika, ndoo na kopo vina nafasi yake. Bibi anayetembea kwa mkongojo anaingia bila kuinua mguu kuvuka ukingo. Hata akiuguzwa nyumbani, mtu wa pili anaweza kusimama karibu naye na kumsaidia kuoga, jambo lisilowezekana ndani ya kibanda cha sentimita 80.

Kioo nacho kina mahitaji yake. Kwa bafuni lazima kiwe kile kilichoimarishwa kwa moto, ambacho kikivunjika hugeuka chembe ndogo badala ya vipande virefu vya kukata. Kioo cha namna hiyo hakikatwi tena kikishaimarishwa, hivyo fundi akikosea kipimo kwa sentimita 1 hakuna cha kupunguza. Mlango wa kuteleza una magurudumu madogo na mipira ya kuzuia maji, na vyote huchakaa. Kabla ya kulipa, uliza kama unaweza kuvipata Dongobesh au Haydom, au itabidi ufunge safari hadi Arusha kwa ajili ya gurudumu moja. Na pale ambapo maji ni ya kisima yenye chumvi nyingi, kioo huota madoa meupe yasiyotoka kwa sabuni peke yake.

Kibanda kina sifa mbili za kweli: kinahifadhi mvuke wa joto, na kinakiacha choo kikavu. Sifa hizo zinapatikana kwa gharama ndogo. Jenga ukuta mwembamba wa tofali kati ya choo na mahali pa kuogea, ufike kifuani, kisha tundika pazia la plastiki juu yake. Anayependa kioo aweke kipande kimoja kilichosimama, kisicho na mlango. Kwenye kona ya kuogea jenga pia kibaraza cha kimo cha sentimita 45. Mzee atakikalia, na ndoo ya maji yaliyochemshwa jikoni itapata pa kutua.

Mteremko

Wairaqw wa zamani walichimba nyumba zao kwenye mbavu za vilima na kuziezeka kwa udongo, ili zisionekane na wavamizi. Nyumba ya paa la udongo haivumilii maji yanayotuama. Huko Irqwa Da'aw, eneo la Kainam, wakulima walilima miteremko mikali kwa matuta yaliyoongoza mvua polepole, udongo ukabaki shambani. Mtu wa Mbulu hahitaji kufundishwa kwamba maji yanafuata mwinuko. Anachohitaji ni kumdai fundi wake aikumbuke elimu hiyo hata ndani ya chumba cha futi 4.

Vipimo ni hivi. Mahali pa kuogea, sakafu iteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la kutolea maji. Sehemu ya choo na sinki, sentimita 1 kwa mita inatosha. Katika chumba chetu, tundu likiwa mwisho kabisa, sakafu itashuka kama sentimita 3 kutoka mlangoni hadi tunduni. Mlangoni, sakafu ya bafu iwe chini ya ile ya chumba cha kulala kwa sentimita 1 au 2.

Vipimo hivyo huamuliwa kabla jamvi halijamwagwa. Jamvi la bafu lishushwe sentimita 5 au zaidi chini ya jamvi la chumba, ili saruji ya mteremko na vigae vipate pa kukaa. Fundi akimwaga jamvi lote usawa mmoja, atakachoweza kufanya baadaye ni kuinua kizingiti mlangoni, na hicho ndicho kitakachomkwaza bibi.

Ukubwa wa kigae nao una maana. Kigae cha sentimita 60 kwa 60 hakipindi. Kikilazwa kwenye sakafu inayoteremka kutoka pande 4, lazima kikatwe kwa mshazari au pembe zake zitabaki zimeinuka. Mahali pa kuogea tumia vigae vidogo, vya sentimita 30 au chini yake, vyenye uso wa kukwaruza. Vile vinavyong'aa kama kioo viache sebuleni, kwa sababu vikiguswa na sabuni vinaangusha watu. Asiyekuwa na pesa ya vigae asijione amepungukiwa: sakafu ya saruji yenye mteremko sahihi, iliyosuguliwa ikabaki na ukwaru kidogo, ni bafu bora kuliko vigae vya bei vilivyolazwa vibaya.

Kigae hakizuii maji

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Wengi tunaamini vigae ndivyo vinavyokinga ukuta. Saruji inayojaza nafasi kati ya kigae na kigae hunyonya maji, na maji yakishapita yanakaa nyuma yake miezi bila kuonekana. Kwenye ukuta wa tofali za kuchoma utaona lipu inavimba na rangi inabanduka upande wa chumbani. Kwenye ukuta wa tofali mbichi, ambao bado ni wa kawaida vijijini, hasara ni kubwa zaidi: tofali linarudi kuwa tope, likianzia chini, mahali linapobeba uzito wa ukuta wote. Kama nyumba yako ni ya tofali mbichi, usiweke shawa kwenye ukuta huo. Jenga kuta za bafu kwa tofali za saruji au za kuchoma, juu ya msingi wake.

Kinga yenyewe ni dawa ya kuzuia maji, ya kupakwa kwa brashi baada ya lipu na kabla ya vigae. Paka mara 2, mkono wa pili ukikatiza wa kwanza. Sakafu yote ipakwe, na kuta zote zipakwe hadi sentimita 15 kutoka chini. Pale shawa inapomwaga, panda hadi mita 2. Kwenye pembe ambapo sakafu inakutana na ukuta, na kuzunguka tundu, laza utepe wa kitambaa cha nyuzi katikati ya mikono miwili ya dawa, kwa kuwa nyufa huanzia hapo.

Dawa ikikauka, ziba tundu, weka kizuizi kidogo mlangoni, mwaga maji hadi yafike sentimita 2 au 3, kisha weka alama ukutani. Rudi baada ya saa 24. Maji yakiwa yameshuka kupita kiasi cha kukauka kwa kawaida, au ukuta wa nje ukionyesha unyevu, tafuta kasoro kabla kigae cha kwanza hakijalazwa. Jaribio hili linagharimu ndoo chache za maji na siku moja ya subira.

Maji yanakoenda

Bomba la maji ya kuoga liwe la inchi 2 na la choo inchi 4, yote yakiteremka sentimita 2 au zaidi kwa kila mita hadi kwenye chemba. Chini ya tundu la sakafuni lazima pawe na kikombe kinachobaki na maji ya kina cha sentimita 5. Maji hayo ndiyo kizibo cha harufu na mende. Kikombe kikikosekana, bafu litanuka hata likioshwa kila siku. Bafu lisilotumika kwa wiki kadhaa limwagiwe kopo la maji, kwani kikombe hukauka.

Usielekeze maji ya kuoga kwenye choo cha shimo. Yanalijaza upesi na kulegeza kingo zake. Yachimbie shimo lake la kunyonya, lijazwe mawe, mbali na msingi wa nyumba na mbali na kisima.

Joto, umeme na hewa

Shawa ya kupasha maji papo hapo yenye wati 5,500 huvuta ampia 24 hivi. Iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye swichi kuu, wa milimita 6 za mraba, pamoja na ethi iliyopimwa na kifaa kinachokata umeme unapovuja. Waya wa soketi ya kawaida haufai kabisa, na kazi hii afanye fundi umeme mwenye leseni. Simtanki nalo liinuliwe: kitako chake kiwe juu ya kichwa cha shawa kwa mita 1 au zaidi, na mita 2 ni bora, la sivyo maji yatadondoka na shawa haitawaka.

Dirisha liwe juu na lifunguke, liutoe mvuke. Na kwa ajili ya baridi yetu, nasisitiza: jiko la mkaa lisiingizwe bafuni kupasha hewa, hata kwa dakika chache. Hewa yake ya sumu haina harufu, na katika chumba kidogo kilichofungwa inaua.

Ndugu msomaji, ukiwa na pesa ya jambo moja tu, itumie kwenye mteremko na dawa ya kuzuia maji. Pazia utaliweka mwezi ujao, na kioo unaweza kukiongeza mwaka wowote. Mteremko hauongezwi bila kuvunja sakafu. Basi kabla hujamlipa fundi vigae, mwaga ndoo moja ya maji mlangoni mwa bafu lako, usimame utazame. Yakifika tunduni yote bila kusukumwa na ufagio, mlipe. Yakituama, mwambie arudie.