Siku za Kipupwe Katika Bujora, na Faida ya Kupiga Picha za Viumbe

Kila mwaka mvua za masika zikisha kukoma, watu wa Bujora na Kisesa huanza kuusikia upepo. Hutoka upande wa kusini-mashariki, nao hudumu tangu mwezi wa Juni hata Agosti. Asubuhi huwa na baridi, majani hukauka, na vumbi la mashamba hupenya mpaka ndani ya vyungu. Kwa hiyo wengi wetu huzihesabu siku hizi kuwa siku za kikohozi na macho mekundu, na mtu akisha kuvuna mpunga wake na pamba yake huona afadhali akae ndani. Nakusudia kuonyesha kwamba siku hizi ni njema kuliko tudhaniavyo, na kwamba mwenye chombo cha kupigia picha, hata kikiwa ni simu ya mkononi tu, aweza kupata humo mavuno mengine.

Kwanza na tuujue upepo wenyewe. Ziwa Viktoria ni kubwa mno, lapata kilometa za mraba 68,800. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake hupanda juu, na hewa ya ziwani huja kushika mahali pake. Usiku nchi kavu hupoa upesi, na upepo hugeuka ukaenda ziwani. Kanuni hii wavuvi waijua tangu zamani, ndiyo maana tanga la mvuvi hutoka na upepo wa usiku likarudi na upepo wa mchana. Lakini upepo wa kipupwe una kazi nyingine iliyo kubwa zaidi. Katika miezi mingi ya mwaka maji ya juu, yenye joto, hukaa juu ya maji baridi ya chini kama mafuta yakaavyo juu ya maji, wala hewa safi haifiki kilindini. Upepo wa Juni hata Agosti huyapoza maji ya juu na kuyakoroga pamoja na ya chini, hata kilindi nacho kikapata hewa. Basi upepo huu tunaoulaumu ndio unaolipa ziwa pumzi, nasi twala samaki wake mwaka mzima.

Pili, tuangalie vitu vya kutazamwa. Katika majira haya majani marefu yamelala na miti mingi imepukutisha majani yake, kwa hiyo kiumbe hakina mahali pengi pa kujificha. Jua huchomoza karibu na saa moja ya asubuhi, na mawe makubwa ya nchi yetu ambayo yalikuwa baridi usiku kucha huanza kupata joto. Hapo pimbi hutoka mapangoni kuota jua, na mjusi mkubwa wa mawe hupanda kileleni. Dume lake lina kichwa na kifua chekundu, na mwili wa buluu. Wataalamu walimwandika mwaka 1923 kwa jina la Agama mwanzae, yaani walimpa jina la Mwanza yetu, na watoto wetu humtupia mawe bila kulijua hilo. Ufukoni kuna furukombe mwenye kichwa cheupe, na kuna mdiria mweusi na mweupe ambaye husimama hewani juu ya maji akipiga mbawa, kisha hujitupa chini kama jiwe.

Tatu, namna ya kupiga picha. Ndege hupenda kuruka na kutua huku akiuelekea upepo. Basi mtu akisimama upepo ukiwa mgongoni pake, ndege atakuja akimwonyesha uso wala si mkia. Tena asubuhi jua liko mashariki na upepo watoka kusini-mashariki. Kwa hiyo mwenye kuelekea magharibi amepata vyote viwili nyuma yake, nuru na upepo. Adhuhuri vumbi na moshi wa mbuga zinazochomwa huifanya mbingu kuwa nyeupe, na picha hukosa uzuri. Ni heri kungoja jioni, wakati vumbi hilo hilo linapolifanya jua kuwa jekundu. Upepo ukitikisa mikono, tegemeza viwiko juu ya jiwe, ungoje utulie kidogo. Mchanga ukiingia katika kioo cha kamera, upulize, usiusugue kwa nguo, maana utakikwaruza. Wala usikaribie kiota chenye makinda, wala usivunje tawi ili upate kuona vema, wala usishuke majini penye viboko na mamba kwa ajili ya picha yo yote.

Zamani kazi hii ilikuwa ya matajiri. Mjerumani mmoja, Carl Georg Schillings, alizipiga picha za wanyama katika nchi hii usiku kwa mwanga wa baruti, akazitoa katika kitabu mwaka 1905. Kamera zake zilikuwa nzito, picha zake zilishikwa katika vioo, na wapagazi walimchukulia mizigo hiyo. Leo kijana wa Kisesa ana mfukoni chombo ambacho Schillings angekistaajabia.

Lakini yawezekana mtu kuuliza: Picha hizi zina faida gani? Nami namjibu kwa habari ya furu. Wazee wa ufukoni wawajua samaki hao wadogo, ambao aina zake katika ziwa hili zilikuwa zaidi ya 500. Kati ya miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 sangara alitiwa ziwani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa wakiwachunguza furu wa Ghuba ya Mwanza tangu mwaka 1977. Na katika miaka ya 1980 sangara walipozidi, furu wakapungua mbele ya macho yao. Hukisiwa kwamba aina kama 200 zimetoweka. Tena furu jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi, na maji yakichafuka rangi haionekani, aina zikachanganyikana. Samaki akitiwa katika chupa ya spiriti hupotewa na rangi hiyo. Mwili wake wabaki, lakini sura yake aliyokuwa nayo hai imekwenda. Hapa Bujora tuna makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, na humo ngoma na viti vya watemi vimehifadhiwa. Rangi za samaki na mruko wa ndege haviwekwi namna hiyo. Huwekwa kwa picha, tena kabla havijapotea.

Kwa hiyo nawaomba waalimu na wazazi jambo moja. Asubuhi ya Jumamosi moja wachukueni watoto, kila mmoja na sweta yake, mkapande mawe yaliyo karibu nanyi. Simu moja yawatosha watoto kumi. Kila picha iandikiwe siku, mahali, upepo ulikotoka, na jina la kiumbe kwa Kisukuma, ambalo watoto watawauliza babu na bibi zao. Daftari hilo liwekwe shuleni, na mwaka ujao majira kama haya waende tena mahali pale pale, walinganishe: ni ndege gani amerudi, ni mti gani umekatwa, ni jiwe gani halina pimbi tena. Mvua za vuli zikianza, majani yataota na wengi wa viumbe hawa watajificha. Siku za kuwaona ni hizi zenye upepo.